Riba ya Shilingi Tatu

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na sahaba zake wote.

Ama baada ya hayo. Katika darsa zetu za Pumwani, Shauri Moyo na Eastleigh, hapana swali linalorudi mara nyingi kuliko hili: Je, yamfaa Mwislamu kuchukua mkopo wa Serikali ili afanye biashara? Waulizao si matajiri, wala si watu wa kutafuta rukhsa kwa uvivu. Ni vijana wanunuao viatu na nguo za mitumba Gikomba alfajiri, wakazipiga picha na kuzitangaza katika simu zao, na kabla ya jua kuchwa bidhaa imekwisha pelekwa kwa bodaboda hadi kwa mnunuzi wa Buruburu au Kayole. Ni akina mama wapikao mahamri na sambusa za kuagizwa, wakapokea malipo yao kwa M-Pesa. Watu hawa wana bidii na wana wanunuzi. Wanalokosa ni shilingi elfu moja ya mzigo wa kesho. Swali lao lataka jawabu, na jawabu la neno moja halitoshi.

Kwanza na tulieleze jambo lenyewe lilivyo, kwani hukumu ya kitu hufuata kukijua. Tarehe 30 Novemba 2022 Rais William Ruto alizindua hapa Nairobi mfuko wa mikopo ujulikanao kwa jina la Hazina ya Hustler. Mtu hupiga *254# katika simu yake, na akikubaliwa hupewa mkopo, kuanzia shilingi 500, na kiwango cha juu kilichotangazwa ni shilingi 50,000, kwa kadiri ya uaminifu wake wa kulipa. Hatakiwi rehani wala mdhamini. Katika kila mkopo asilimia 5 huwekwa iwe akiba yake mwenyewe. Sharti lililowekwa ni kulipa katika siku 14, na riba yake ni asilimia 8 kwa mwaka; akichelewa hupanda ikawa asilimia 9.5. Basi aliyekopa shilingi 1,000 hupokea mkononi shilingi 950, na 50 ni akiba yake, na riba ya siku zake 14 ni kama shilingi 3 tu.

Shilingi tatu! Hazitoshi kununua andazi moja. Ndiyo maana muulizaji hustaajabu akiambiwa kuwa hapo pana haramu.

Na yatupasa tuwe waadilifu kwa Serikali katika jambo hili. Kabla ya hazina hiyo, maskini wa mitaa yetu alikuwa mikononi mwa wakopeshaji wengine. Mkopo wa benki wa kwanza kuenea katika simu nchini mwetu, ulioanza mwaka 2012, ulitoza asilimia 7.5 kwa mwezi mmoja. Yaani shilingi 75 juu ya kila 1,000, na jina lake halikuwa riba bali ada. Wakafuata wakopeshaji wengi wa simu, na baadhi yao walikuwa wakimpigia mwajiri wa mdaiwa, na shemeji yake, na jirani yake, ili kumwaibisha. Mpaka kanuni za Benki Kuu za mwaka 2022 zilipokataza udhalimu huo. Aliyeiteremsha 75 ikawa 3 amepunguza madhara, na mwenye kupunguza madhara hushukuriwa.

Lakini kupungua kwa madhara ni jambo moja, na kugeuka kwa hukumu ni jambo jingine. Aya za mwisho wa Suratul Baqara, kuanzia ya 275 hadi ya 280, zimehalalisha biashara na kuharamisha riba, na zikaamrisha kuachwa kila kilichosalia cha riba, bila ya kutaja kipimo ambacho chini yake riba husamehewa. Wako waliotegemea aya ya 130 ya Suratu Aali Imran, iliyotaja riba yenye kuzidishwa maradufu, wakasema kuwa kilichokatazwa ni ile nyingi tu. Mjadala huu si mgeni: wanazuoni wa Misri waliuingia tangu mwanzoni mwa karne ya 20, ilipokuja habari ya akiba ya posta. Jawabu ni kwamba aya hiyo yaeleza ubaya wa walilokuwa wakilitenda watu wa Jahiliya, wala haikuweka mpaka wa halali. Na wanazuoni wa madhhabi manne wamekubaliana kuwa ziada iliyoshurutishwa katika mkopo ni riba, ikiwa shilingi tatu au ikiwa elfu tatu.

Atasema mwenye kusema: Dhulma gani iliyomo katika shilingi tatu? Twamjibu: Nenda Gikomba ukaulize. Soko lile limeungua mara nyingi, na katika moto wa Juni 2018 walikufa watu wasiopungua 15, na mali ya wengi ikawa majivu kabla ya kupambazuka. Moto ule haukuchagua mwenye deni na asiye na deni. Marobota ya nguo yaliungua. Lakini sharti la ziada lililoandikwa katika mkataba wa mkopo haliungui. Ziada hiyo ilikwisha wekwa kabla ya bidhaa kuuzwa, kabla ya kujulikana kama kesho litakuwa jua au mvua. Upande mmoja umepewa amani ya faida, na upande wa pili umebebeshwa khofu yote. Hapo ndipo ilipo dhulma, na udogo wa fedha hauiondoi. Mfanyabiashara hupata faida kwa kuwa alikubali kupata hasara. Mla riba ataka faida peke yake.

Wala isidhaniwe kuwa Serikali kumpa mtu mtaji ni jambo geni katika Uislamu. Katika Muwatta ya Imam Malik imepokewa habari ya watoto wawili wa Sayyidna Umar (R.A.), Abdullah na Ubaydullah. Walipokuwa wakirudi kutoka Iraq, liwali wa Basra, Abu Musa al-Ash'ari, aliwakopesha mali ya Baitul Mali wanunue bidhaa, wauze Madina, wamrudishie Khalifa mtaji, na faida iwe yao. Walipofika, baba yao aliwauliza kwanza: je, jeshi lote lilikopeshwa kama nyinyi? Wakajibu kuwa la. Akawaamuru walete mtaji na faida yote. Ubaydullah akamhoji baba yake, akasema kuwa lau mali ingepotea wao ndio wangeilipa. Mwisho jambo likafanywa qiradhi, yaani mudharaba: mtaji ukarudi Baitul Mali, nayo ikapata nusu ya faida, na nusu ya pili wakapewa wao.

Katika kisa hiki mna mambo mawili yaufaayo wakati wetu. La kwanza, mali ya umma ikifunguliwa kwa wafanyabiashara, mlango wake uwe sawa kwa wote, usiwe wa watoto wa wakubwa. Na katika hili Hazina ya Hustler ina sifa njema, kwani muuza mboga wa Majengo hapitii kwa mkubwa yeyote ili akopeshwe. La pili, fungu la Baitul Mali lilichukuliwa katika faida iliyokwisha onekana. Halikushurutishwa siku ya kutoa mali.

Na Imam Tabari ameeleza kuwa Hindi binti Utba alikwenda kwa Sayyidna Umar akaomba mkopo wa elfu nne kutoka Baitul Mali afanyie biashara, akapewa. Aliporejea alilalamika kuwa amepata hasara. Umar akamjibu kwamba lau mali ingekuwa yake angemwachia, lakini ile ni mali ya Waislamu. Hakutakiwa ziada hata dirhamu moja; lakini hakuachiwa mtaji.

Hapa hatuna budi kusema neno ambalo baadhi ya wasomaji wetu hawatalipenda. Wako waliochukua mkopo wa Hazina, kisha wakatupa laini ya simu, wakasema: Mali ya Serikali ni mali ya wezi, wao wamekula chao, na sisi tule chetu. Wengine wamefika kusema kwamba maadamu mkopo una riba, basi kutolipa ni sawa. Huu ni ujahili juu ya ujahili. Riba ni haramu, lakini mtaji ni deni, na deni la mali ya umma ni deni la watu wote: la mjane wa Kaloleni na la mchungaji wa Wajir. Nani atakayesimama Siku ya Kiyama akawaomba msamaha watu milioni hamsini? Aliyekopa na alipe. Na aliyefilisika kwa kweli ana haki ya kungojewa kwa nassi ya Qur'ani, na Serikali yapaswa impambanue aliyeshindwa na aliyekimbia, isiwahesabu wote kuwa wezi.

Sasa twafika kwenye kiini cha maneno yetu. Kijana ameuliza, na ameambiwa: haramu. Ametoka msikitini na jawabu lake, lakini haja yake angali nayo. Kodi ya kibanda yamngoja, na mnunuzi wa mtandaoni yuataka viatu kesho. Asipokuta mlango mwingine ulio wazi atakwenda wapi? Atakwenda kwa yule wa asilimia 7.5, au kwa mkopeshaji wa mtaani ambaye huandika deni kwa kalamu na kulidai kwa rungu. Mwenye kukataza mabaya ana wajibu wa kusaidia kupatikana kwa mema yanayosimama mahali pake. Mlango wa riba hauzibwi kwa neno peke yake. Huzibwa kwa mali.

Na mali hiyo ipo, na mahali pake pamekwisha elezwa katika vitabu vya madhhabi yetu. Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria, ameandika katika Majmuu yake kuwa fakiri mwenye kazi hupewa katika zaka kiasi cha kununulia vyombo vya kazi yake, na mwenye biashara hupewa mtaji unaomtosha kwa biashara ya namna yake: muuza mboga dirhamu tano au kumi, na muuza johari hata dirhamu elfu kumi, ikiwa chini ya hapo haimtoshi. Taamali, ndugu msomaji! Zaidi ya miaka mia saba iliyopita mwanachuoni huyu amemtaja muuza mboga kwa kazi yake na akampimia mtaji wake.

Desturi iliyoenea mijini mwetu ni kinyume cha hayo. Ukifika Ramadhani foleni hupangwa mbele ya duka la tajiri, kila fakiri akapewa noti moja, na mwaka wa pili foleni ni ile ile na nyuso ni zile zile. Chukua mfano wa tajiri ambaye zaka yake ni shilingi 100,000. Akiigawa shilingi 200 kwa kila mtu, watu 500 watapata futari ya siku moja. Akiwapa watu 20 shilingi 5,000 kila mmoja, waliochaguliwa kwa kujulikana kazi zao, huenda mwakani baadhi yao wakawa hawahitaji tena kupanga foleni, na wengine wakawa ni watoaji. Hatusemi kuwa mwenye njaa asilishwe. Twasema kwamba zaka haikuwekwa ili fakiri abaki kuwa fakiri.

Zaka si mlango wa pekee. Mwaka 1963, katika mji wa Mit Ghamr nchini Misri, Daktari Ahmad al-Najjar alianzisha benki ya akiba isiyokuwa na riba kwa ajili ya wakulima na mafundi wa Delta ya Nile. Watu wadogo waliweka akiba zao ndogo, na wao kwa wao wakakopeshana na kushirikiana katika biashara. Mitaa yetu yajua asili ya jambo hili, kwani hapana mtaa usiokuwa na chama cha akina mama wa kuchangiana kwa zamu, na katika mzunguko huo kila mmoja hupokea kile kile alichotoa, bila ya ziada. Likiwekwa katika kila msikiti sanduku la qardhi hasan, likasimamiwa na watu watatu waaminifu, hesabu yake ikabandikwa ukutani kila mwezi, kijana wa elfu moja hatakuwa na haja ya kuuliza kama shilingi tatu ni nyingi au ni chache.

Na mlango wa tatu umo ndani ya biashara ya mtandaoni yenyewe, nao ni biashara ya salam: mnunuzi hulipa kwanza, akaletewa bidhaa baadaye. Mtume (S.A.W.) aliwakuta watu wa Madina wakilipana hivyo kwa tende za mwaka na miaka miwili, akaikubali, ila alishurutisha kipimo kijulikane, na muda ujulikane. Mshona makubadhi wa Kariokor anayepokea malipo ya jozi kumi kwa simu, akaeleza ngozi, kipimo, rangi na siku ya kuleta, amepata mtaji usiokuwa na riba kutoka kwa mnunuzi wake mwenyewe. Lakini muuza mitumba na ahadhari. Kiatu cha mtumba hakina pacha. Hakiuziki kwa salam. Kuitangaza picha ya kiatu kilicho mikononi mwa mtu mwingine, na kupokea thamani yake kabla ya kukimiliki, ni kuuza asichokuwa nacho, jambo ambalo Mtume alimkataza Hakim bin Hizam. Ama akinunue kwanza, ama amwambie mnunuzi waziwazi kuwa yeye ni wakala wake wa kumnunulia, na ujira wake ni kadha.

Mlango huu waufungua uaminifu, na waufunga udanganyifu. Mtume (S.A.W.) aliingiza mkono katika chungu ya nafaka sokoni, akakuta ndani mna maji, akamlaumu muuzaji kwa kutoiweka ile iliyorowa juu watu wakaiona. Picha iliyopigwa upande mzima wa kiatu ikaficha upande uliopasuka ni chungu ile ile. Na kila mnunuzi anayeletewa kisichokuwa alichokilipia hataki tena kulipa kwanza. Basi mwongo mmoja huwakosesha mtaji waaminifu kumi. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 yamtaka mwenye kuuza kwa intaneti aeleze bidhaa yake kabla ya mkataba. Serikali ikiisimamisha sheria hiyo barabara, itakuwa imewasaidia wafanyabiashara wadogo kwa jambo ambalo mkopo hauwezi kulileta.

Nayo Serikali twaiomba jambo moja, nalo si geni kwake. Hazina ya Uwezo, iliyoanzishwa mwaka 2013, ilikopesha vikundi vya vijana na wanawake bila ya riba, kwa ada ya mara moja ya asilimia 3 kwa ajili ya gharama. Na tangu mwaka 2008 nchi yetu ina mabenki yafanyayo kazi bila ya riba kwa idhini ya Benki Kuu. Basi Hazina ya Hustler ilipofunguliwa bila ya mlango kwa wale ambao dini yao yawakataza riba, haikuwa kwa kukosekana njia. Ibara ya 32 ya Katiba ya 2010 yasema kuwa mtu asinyimwe huduma kwa sababu ya imani yake. Iwekwe ada ya gharama ya kweli, ijulikane, isipande kwa kuchelewa, na swali hili litakuwa limekwisha.

Litabaki neno la dharura. Wengine husema: haja ya mtaji ni dharura, na dharura huhalalisha kilichoharamishwa. Twasema kwamba dharura hupimwa kwa kiasi chake. Mama ambaye watoto wake hawajala tangu jana si sawa na mtu atakaye kuongeza bidhaa dukani. Na mama huyo akilazimika, dhambi ya kwanza huulizwa jirani zake wenye mali. Ama mwenye kuweza kungoja na kuanza kidogo, asikimbilie neno la dharura. Abu Dawud amepokea kuwa mtu wa Ansari alikuja kuomba, Mtume (S.A.W.) akamuuliza ana nini nyumbani. Alikuwa na tandiko na bakuli. Mtume akavinadi hadharani kwa dirhamu mbili. Moja ikanunua chakula cha watu wa nyumba, na moja ikanunua shoka, akamtia mpini kwa mkono wake mtukufu, akamwambia akakate kuni wala asionekane kwa siku 15. Akarudi na dirhamu kumi. Hakupewa mkopo, wala hakuambiwa neno la kukatazwa kuomba kisha akaachwa na njaa yake.

Basi hukumu yetu ni hii. Shilingi tatu za riba ni riba, na mwenye kuweza kujiepusha nazo na ajiepushe. Aliyekwisha kopa na alipe mali ya watu. Serikali na ifungue mlango usiokuwa na riba, kwani yaweza. Na wenye zaka, na wasimamizi wa misikiti, na kila mwenye kusimama mimbarini kutaja uharamu wa riba, wamwulize kijana yule kabla hajatoka msikitini: shoka lako ni la kiasi gani?

Mwenyezi Mungu atuwafikishe katika ayapendayo na kuyaridhia. Wallahu aalam.